Nani Ataandika Lupango Wetu?

Kuna watu wa elimu katika mji huu wa Lubumbashi wanaoona kwamba kitabu kisicho na maiti, mchawi au waziri si kitabu. Uwaambie juu ya hadithi ya mama wawili wasiosemezana kwa sababu ya moshi wa makala, watacheka. Watakuambia: "Hayo ni maneno ya wanawake kwenye bomba. Mwandishi wa kweli huandika mambo makubwa."

Mimi nasema sivyo. Mambo makubwa ya mji wetu yameandikwa, tena na watu wengi: shaba, Union Minière, vita vya Katanga, wakubwa waliopanda na wakubwa walioanguka. Yasiyoandikwa ni madogo. Lupango haujaandikwa. Nao lupango, yaani kile kiwanja kimoja chenye nyumba ya mwenyewe mbele, vyumba vya wapangaji nyuma, bomba moja, choo kimoja na mwembe mmoja, ndimo wengi wetu tulimozaliwa na ndimo tutakamotolewa siku ya mazishi. Kuuacha bila kuuandika kumetugharimu, nami nitaonyesha kwa nini nasema hivi, hata kama wengine watakasirika.

Kwanza tutazame wenzetu. Mwezi wa Januari 2004, The Scotsman, gazeti la mji wa Edinburgh katika Uskoti, lilianza kuchapa hadithi ya Alexander McCall Smith, sura moja kwa siku, tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Mwaka 2005 sura zile zikawa kitabu kiitwacho 44 Scotland Street, na tangu hapo vitabu vya mfululizo huo vimezidi 15. Mtu huyu hakuzaliwa mbali nasi sana. Alizaliwa Bulawayo mwaka 1948, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Na reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilipita Bulawayo kabla ya kutufikia. Wala desturi hiyo hakuibuni yeye. Armistead Maupin alikuwa amefanya vivyo hivyo huko San Francisco tangu 1976, katika gazeti la Chronicle, na kabla yake Waingereza na Wafaransa wa karne ya 19 walisoma vitabu vyao vinene kwa vipande vipande gazetini.

Basi, katika hadithi ile ya Edinburgh mna nini? Mna nyumba ya ghorofa, ngazi moja, milango kadhaa. Msichana amepanga chumba. Kijana mmoja anajitazama kiooni kupita kiasi. Mama mmoja mtu mzima, msomi, hakosi neno la kusema juu ya jambo lolote. Jirani yao mchoraji ana mbwa mwenye jino la dhahabu. Tena kuna mtoto, Bertie, mwenye miaka 5, ambaye mama yake ameazimia kumfanya mwenye akili kuliko watoto wote: anamfundisha Kiitalia, anampigisha saksofoni, anampeleka kwa daktari wa nafsi. Mtoto mwenyewe anataka kucheza na wenzake tu. Ndiyo hayo. Hakuna vita wala mapinduzi. Walakini wasomaji walimwonea huruma mtoto huyo hata wakamwomba mwandishi amwokoe na mama yake, kana kwamba ni mtoto wa mlango wa pili.

Hapo ndipo pa kusimama. Mtu mzima, mwenye shughuli zake na madeni yake, anakunywa chai asubuhi huku akihuzunika kwa ajili ya mtoto asiyekuwako duniani. Halafu anatoka nje na kumkuta mtoto wa jirani akivutwa sikio. Je, atamtazama kama alivyomtazama juzi? Sisemi kwamba amekuwa mtakatifu. Nasema macho yake yamezoezwa kidogo. Sisi tunaofundisha katekisimu tunajua jinsi ilivyo kazi kumweleza mtu jirani yake ni nani. Yule mwanasheria wa Injili naye aliuliza swali hilo, akitaka maelezo, na badala ya maelezo akapewa hadithi: mtu aliyepigwa njiani, mafuta, divai, mnyama wa kupanda, na pesa mbili mkononi mwa mwenye nyumba ya wageni. Ni mambo madogo kabisa, lakini hayasahauliki.

Najua jibu nitakalopewa. "Hao ni Wazungu waliokwisha kushiba. Watu wetu hawataki kujitazama. Wanataka kusahau taabu zao." Maneno haya si kweli, na mji wetu wenyewe ni shahidi. Ni mtu gani wa makamo wa Lubumbashi asiyejua jina la Mufwankolo? Kwa miaka mingi Odilon Kyembe Kaswili, ndiye Mufwankolo, pamoja na kundi lake, walicheza michezo kwa Kiswahili cha hapa hapa, redioni na katika televisheni: bwana anayekunywa mshahara wake, mashemeji waliokuja kwa siku mbili wakakaa mwaka, mahari, uchoyo, ujanja wa mjini. Watu walicheka, kisha wakatazamana kwa haya, maana kila mtu alimtambua jirani yake, na baadaye kidogo alijitambua mwenyewe. Mwaka 1986 neno moja lililosemwa mezani juu ya firigisi ya kuku, ambayo kwa desturi huliwa na mkubwa bila kugawanywa, liligeuka kuwa mchezo mzima, Le pouvoir se mange entier, maana yake ukubwa huliwa mzima. Kutoka firigisi mpaka siasa! Wanaosema kwamba mambo ya jikoni ni madogo waifikiri firigisi hiyo.

Fikirini pia wachoraji wetu. Katika miaka ya 1970 mfanyakazi wa kawaida alitoa pesa mfukoni mwake kununua picha ya mamba muntu au ya Colonie belge, akaitundika katika chumba cha wageni. Hakuna aliyemlazimisha. Aliitaka kwa sababu ilisema habari zake yeye. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi kwa picha 101 katika miaka ya 1973 na 1974, na mchoraji huyo riziki yake ilikuwa kuuza picha nyumba kwa nyumba. Watu wanaonunua picha ya maisha yao watakataa kununua hadithi yake?

Lakini sasa niulize swali lenye aibu. Ukitaka leo kusoma maneno ya ule mchezo wa 1986, utayapata wapi? Yalichapishwa mwaka 1990 huko Wisconsin, Marekani, katika kitabu cha Johannes Fabian, Mjerumani aliyefundisha katika chuo kikuu cha hapa tangu 1972 mpaka 1974. Na historia ya mji huu iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav, kwa niaba ya wazee waliokuwa wametumikia nyumba za Wazungu, je? Nayo ilitoka kitabuni 1990, huko Amsterdam, kwa mkono wa Fabian huyo huyo. Mimi namshukuru mgeni yule. Pasipo yeye tusingekuwa na kitu. Lakini mwenye nyumba anayekwenda kuomba sufuria zake kwa mgeni ajiulize amekuwa mtu wa namna gani.

Mtaniambia kwamba tunao waandishi. Tunao, tena wazuri. Huko Kinshasa alikuwako Zamenga Batukezanga, aliyefariki mwaka 2000, ambaye aliandika maisha ya watu wa kawaida kwa maneno mepesi, na wachapaji wa Kikatoliki wa Saint Paul Afrique hawakuona haya kumchapa tangu 1971. Wanafunzi walipokezana vitabu vyake mpaka vikachanika. Lakini aliandika Kifaransa, na mji wake haukuwa wetu. Hapa kwetu Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alitoa mwaka 2001 kitabu cha maana juu ya jamaa za wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines, Bana Shaba abandonnés par leur père. Hata jina lake lingetosha kumtoa mtu machozi. Walakini hicho ni kitabu cha historia, nacho ni cha Kifaransa. Mama anayeuza munkoyo sokoni hakukisoma, ijapokuwa mumo humo ni maisha yake. Na Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa mji huu, alitoa mwaka 2014 Tram 83, kitabu cha usiku, cha baa na makelele na madini, kilichosifiwa katika nchi nyingi. Simpunguzii sifa yake hata kidogo. Lakini mji una usiku, na tena una saa 12 asubuhi, wakati mtu anafagia mbele ya mlango wake na kusukuma takataka kidogo upande wa jirani. Nani ameandika saa hiyo?

Hapo hutokea mwalimu wa shule na kusema: "Kiswahili cha Lubumbashi hakiandikiki. Kimeharibika." Nimechoka kusikia neno hili. Sisi twasema batoto, wenzetu wa Dar es Salaam husema watoto. Sisi twala bukari, wao hula ugali. Unga ni ule ule wa mahindi na mtoto ni yule yule. Mimi naandika hapa Kiswahili cha vitabu, kwa kuwa ndicho mlichozoea katika kurasa hizi, lakini mama wa Kenya (Kenya yetu, komini, si nchi ile) akifungua kinywa chake ndani ya hadithi aseme kama asemavyo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipoanza vitabu vyake vya Bwana Msa, na cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka 1960, hakwenda kuomba ruhusa Mombasa. Aliwasemesha watu wa Unguja Kiunguja chao, na leo vinasomwa mpaka mbali. Lugha inayotosha kugombania ndoo bombani, kumbembeleza mgonjwa, kuomba mkopo na kuungama dhambi, kwa nini isitoshe karatasi?

Sasa nafika penye uchungu, na hapo ndipo hasa palipo sababu ya maneno yangu.

Mwezi wa Agosti 1992, baada ya Mkutano Mkuu wa Taifa kumchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, fujo ilianza hapa Lubumbashi. Halafu ikashika Likasi, na mwaka 1993 ikashika Kolwezi. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi wao walizaliwa hapa, na baba zao na babu zao waliletwa na kampuni kufanya kazi ya migodi na reli. Mamia ya maelfu walihama. Walikaa katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, wiki na miezi, na wengi walikufa pale kwa njaa na magonjwa, watoto kwanza. Watu hao walipewa jina: bilulu, yaani wadudu.

Lisikilizeni neno hilo vizuri. Mdudu hana sufuria. Hana mtoto anayekohoa usiku, wala deni la chumvi kwa jirani, wala wimbo anaoupenda wakati wa kufua. Ili kumfukuza jirani yako, ni lazima kwanza umsahaulishe moyo wako mambo hayo yote madogo, na neno bilulu ndilo lililofanya kazi hiyo. Lilikuwa jambo kubwa, la wakubwa, la jukwaani. Lilimeza yale madogo yote kwa siku moja. Na yale madogo hayakuwa na mahali pa kusimama, kwa sababu hayakuwa yameandikwa popote.

Sisemi kwamba hadithi zingewazuia wenye mapanga. Ulaya ilikuwa na vitabu tele, ikafanya iliyoyafanya tangu 1939 mpaka 1945. Nasema jambo jingine. Miaka zaidi ya 30 imepita. Wengi walirudi, na wengine wapya walikuja. Wanakaa tena lupango mmoja na watu wa hapa, wanachota bomba moja, na jambo lile halisemwi. Siku za mikutano tunapewa maneno makubwa: amani, umoja, upatanisho. Ni maneno mazuri, nami huyafundisha. Lakini nani atasema habari ya mama aliyerudi kutoka Mwene-Ditu baada ya miaka 6, akaona sufuria yake kubwa ya karamu nyumbani mwa jirani? Je, jirani alimwibia, au alimtunzia? Labda alichukua ili kuiba na baadaye akaona ni ya kutunza. Labda yeye mwenyewe hajui tena. Atairudisha mchana, watu wakiona, au usiku? Mwenyewe ataipokea, au atasema haijui? Padre hawezi kulijibu jambo hilo katika mahubiri ya dakika 15. Hakimu hawezi. Hadithi ya majirani, iendayo polepole, sura baada ya sura, yaweza kulichukua kwa mwezi mzima, huku mmoja anapika matamba na mwingine anapika sombe, ambayo ni majani yale yale ya muhogo kwa majina mawili.

Kwa hiyo wanaosema kwamba hadithi za upole hufunika vidonda, wanachanganya upole na woga. Hadithi ya woga husema kwamba majirani wote wanapendana. Hadithi ya upole hujua kila neno baya lililosemwa, na hata hivyo haimwiti mtu mdudu.

Uko ugonjwa mwingine, nao hukaa katika magazeti ya misheni. Ni hadithi ya mafundisho. Mlevi anaonekana katika mstari wa kwanza, na kabla ukurasa haujaisha amekwisha kufa, mke analia, na padre anatoa somo. Binti mtiifu hupata bwana mwema, binti mkaidi hupata mimba. Msomaji hujua mwisho kabla hajavaa miwani. Mlevi wa kweli hafi upesi hivyo! Anaamka, anaomba msamaha, anatengeneza baiskeli ya mtoto kwa ustadi mkubwa, anakwenda Misa, na Jumamosi anarudi kwenye lutuku. Mkewe anampenda na kumchukia katika siku moja. Anayeandika lupango asiwe na haraka ya kuwahukumu wapangaji, maana akiwahukumu wote katika sura ya kwanza, katika sura ya pili atabaki peke yake na mwembe.

Watu wenyewe si vigumu kuwapata. Yuko mzee aliyeacha kazi Gécamines katika ule mpango wa 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka na fedha kidogo mkononi. Alinunua gari la taksi, likafa baada ya miezi 4, na mpaka leo limesimama chini ya mwembe, kuku wanataga ndani, naye hakubali liuzwe. Mkewe ndiye anayelisha nyumba kwa biashara ya unga, lakini mbele ya wageni humwachia yeye kukaa kiti cha kichwa. Yuko mpangaji kijana anayeuza vocha za simu, anayevaa vizuri kuliko mapato yake. Yuko mchungaji wa kanisa la uamsho mwenye vipaza sauti viwili, ambaye umeme ukikatika lupango mzima humshukuru Mungu kimyakimya. Na awemo katekista, mtu wa vidole vyenye chaki, mwenye kupenda kusahihisha Kiswahili cha wenzake mpaka kwenye matanga. Nitafurahi nikimwona akichekwa.

Wataniuliza juu ya karatasi na fedha. Karatasi moja, pande mbili, kila Jumapili mlangoni pa kanisa, haimfilisi mtu. Sura ya maneno 800 hupita pia katika simu, na vijana wetu hupitisha humo mambo marefu kuliko hayo na yasiyo na faida. Hata hivyo napenda karatasi zaidi, kwa sababu bibi aweza kusomewa na mjukuu wake, wakagombana juu ya maana, na karatasi ikabaki juu ya kabati mpaka wiki ijayo. Waandike watu watatu au wanne kwa zamu, na mmoja wao awe mwanamke aliyewahi kuamka alfajiri kungoja maji, maana wanaume hatujui nusu ya yanayosemwa pale. Majina yawe ya kubuni, ili asiwepo jirani wa kweli wa kuaibishwa. Bei iwe ndogo, lakini isiwe bure. Kitu cha bure watu hufungia karanga.

Inabaki kuchagua lupango wenyewe uwe wapi. Mimi ningeuweka Kenya, katika njia isiyo mbali na soko. Rafiki zangu wa Katuba wamekwisha kusema kwamba hawatakubali, kwa sababu watu wa Kenya hujisifu mno bila hadithi. Na mzee mmoja wa Kamalondo, aliyekuwa akitusikiliza, akauliza tangu lini watu wa Katuba wanajua jambo lolote juu ya mji. Ugomvi huo ulichukua saa nzima na chupa mbili za Simba. Ungetosha sura ya kwanza.